Mrija wa Maji

Tromsø, Januari. Jua halijachomoza tangu Novemba
na hatulitarajii kabla ya wiki ijayo.
Nimevaa glovu za buluu. Kazi yangu ni ndogo:
nayeyusha damu za watu waliochoka.

Usidhani ni uchovu wa jembe, au wa safari,
ule unaokubali kulipwa kwa usingizi na uji wa moto.
Huu hulala nawe, ukaamka kabla yako.

Sunniva Kvamme, mrija nambari arobaini na mbili,
alikuwa tarishi. Aligawa barua kwa baiskeli
yenye misumari kwenye matairi, juu ya barafu,
akipiga kengele ingawa barabara ilikuwa tupu.
Homa ikamshika, mafua kama ya kila mtu.
Homa ikaenda zake. Yeye hakurudi.
Mwaka wa tisa huu. Kuchana nywele
ni kazi ya leo; kuzisuka ni kazi ya kesho.
Vipimo vyote safi, waliandika.
Daktari mmoja alimshauri atembee, apate hewa,
kana kwamba hewa ndiyo aliyoiangusha njiani.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Na lile usilolijua jina?
Hula, likafuta mdomo,
likakuacha wewe uulizwe mwenzio yuko wapi
na mwenzio ni wewe.

Basi tukalitafuta jina.
Septemba mistari ikapanda kwenye kioo:
damu ishirini na saba kati ya arobaini na tano,
kirusi kilekile, kimejikunja humo kama mgeni asiyeaga.
Profesa Eikeland, mtu asiyecheka, alicheka.
Akanunua keki ya lozi; tuliila tumesimama.
Sunniva akatuma ujumbe. Maneno manne,
dada yake alisema yalimchukua siku mbili:
*Basi mimi si mwongo.*

Usiku huu narudia kipimo, peke yangu.
Kanuni yataka mrija mmoja uwe na maji,
maji matupu, yasiyopata kuwa na mshipa,
yasiyopanda ngazi, yasiyougua hata siku moja.
Maji yamewaka.
Nabadilisha glovu. Nafungua chupa nyingine.
Yanawaka.
Natazama saa, sijui kwa nini. Saa nane na dakika sita.

Kikulacho ki nguoni mwako:
kwenye dawa yetu wenyewe, tuliyonunua kwa pesa nyingi,
kumebaki vumbi la chembe za panya
aliyekufa kwenye maabara ya mbali
kabla sijajifunza kushika mrija.
Tulimfukuza mwizi nyumba nzima
kwa kufuata nyayo zetu.

Niliomba nimwambie mwenyewe.
Chumba kina mapazia mawili, moja juu ya jingine.
Nikavua viatu, nikakaa sakafuni
asilazimike kuinua macho.
Nilisema sentensi, nikanyamaza; nikasema nyingine.
Niliposema *maji*, alifumba macho,
akakaa hivyo mpaka nikadhani amelala.

“Kwa hiyo,” akasema, “hata maji yamechoka.”

Akacheka. Kicheko hicho, najua,
atakilipia mpaka Alhamisi.

“Jokofu lenu bado lina damu yangu?”
“Mirija sita.”
“Msiimwage.”
Kisha, nikiwa mlangoni, viatu mkononi:
“Homa niliipata. Hilo haliko kwenye chupa yenu.”

Nimeagiza dawa kutoka kiwanda kingine.
Wanasema wiki tatu, hali ya hewa ikiruhusu.
Profesa anaandika barua ya kukanusha,
ameanza mara tano, anafuta neno la kwanza.
Keki iliyobaki nimeikuta nyuma ya friji ya chai,
imekuwa jiwe.
Nambari arobaini na mbili ipo rafu ya chini, kushoto,
nyuzi themanini chini ya sifuri,
kando ya maji.